Mlango Wenye Makomeo Mawili

Siku niliyorudi Mombasa kwa kukaa, si kwa harusi wala kwa msiba, mtembeza wageni mmoja alinisimamisha mbele ya Ngome ya Yesu akanikaribisha kwa Kiingereza. Alitaka kunionyesha Mji wa Kale. Nilikuwa nimevaa sweta ya Nyeri, viatu vya kufunga kamba na kofia ya jua, na nyuma yangu naburura sanduku la magurudumu lililokuwa likigonga kila jiwe. Simlaumu. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba nimezaliwa uchochoro wa tatu kutoka pale, kabla yeye hajazaliwa. Akaviangalia viatu vyangu.

"Basi karibu nyumbani, mama," akasema. "Ndia waijua?"

"Naijua," nikamjibu kwa ukali wa mwalimu, nikaenda zangu, nikaingia uchochoro wa pili badala ya wa tatu. Ilinibidi nizunguke mpaka karibu na sokoni ili asinione nikirudi. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na sita.

Niliondoka hapa nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimepangiwa kazi bara, nikidhani ni ya miaka miwili. Nikahamishwa shule hii, nikahamishwa ile, nikaolewa huko, nikaachika huko huko bila kelele, na miaka kumi na minne ya mwisho nikaishi Nyeri peke yangu katika nyumba ya walimu. Huko nilijifunza mambo mawili: kuvaa soksi na kufunga milango. Nilikuwa na kufuli la lango, kufuli la mlango wa chuma, ufunguo wa mlango wa mbao na komeo la chumba cha kulala. Hakuna aliyewahi kuingia kwangu bila mimi kumjua tangu yuko langoni. Mwenyewe nilikuwa nikiuita huo utulivu.

Mamangu alikuwa hapa. Likizo nilikuja, ila si kila likizo, na hilo nalisema mapema lisije likaonekana nimelificha. Alipozidiwa nilikuwa katikati ya mitihani. Kakangu alinipigia simu, nikamwambia nakuja Ijumaa. Mamangu akafa Jumatano. Kwetu maiti hangojeshwi; alizikwa baada ya adhuhuri siku ile ile, nami nilikuwa ndani ya basi, Voi hatujaifika. Niliingia nyumbani jua linatua, nikakuta majamvi yametandikwa na watu wamejaa, kila mmoja ananipa pole, na sikuweza kumuuliza yeyote nililotaka kuuliza.

Lilikuwa swali dogo. Mamangu alikufaje? Ugonjwa naujua, daktari alishautaja. Nilitaka kujua alisema nini, aliniulizia au hakuniulizia. Kakangu hakuwa na jibu, maana naye alikuwa kazini bandarini alipoitwa. Aliyekuwa na mamangu ni mtu mmoja tu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na siku zile za matanga alikuwa amechoka hata kuketi anaketishwa. Matanga yakaisha, nikarudi kusahihisha mitihani. Swali nikaenda nalo Nyeri, na miezi kumi baadaye, nilipostaafu, nikarudi nalo.

Jirani huyo sisi tulimwita mama mdogo. Hatuna damu moja naye, lakini aliolewa nyumba ya pili mimi nikiwa natambaa, na tangu hapo yeye na mamangu walilea watoto wao pamoja bila kugawana sana nani ni wa nani. Sasa ana miaka karibu themanini, wanawe wako Uarabuni, magoti yanamsumbua, na ulimi wake haujapata kuumwa hata siku moja.

Nyumba zetu mbili zimegandana. Chini kwetu kuna fundi cherehani wa miaka mingi, chini kwake ni stoo. Maisha yote yako ghorofani. Na huko ghorofani, kando ya jiko letu, ukutani, pana kilango cha mbao kifupi, cha kupita mtu mmoja tena akiinama. Wanawake wa zamani walikuwa na vilango kama hivyo ili watembeleane bila kushuka njiani. Vingi vimezibwa. Chetu kilibaki. Kina makomeo mawili, moja upande wetu, moja upande wake, na desturi yake ni hii: baada ya sala ya alfajiri kila mmoja hufungua lake, na baada ya isha kila mmoja hufunga lake. Kulifungua ndiyo salamu ya kwanza ya siku. Ukichelewa, unagongewa. Mchana kutwa kilango ki wazi, na anayepita hapigi hodi.

Utotoni niliitwa kutoka pande zote mbili. Msichana akiitwa huitika "labeka", tena mbio; aliyeitika "nini" alipata kofi kutoka kwa yeyote aliyekuwa karibu. Mimi nilipata ya pande zote mbili.

Asubuhi yangu ya kwanza nilisahau kufungua komeo. Nikagongewa mara tatu, kisha mara tatu tena. Nilipofungua nilimkuta mama mdogo amesimama na leso zake mbili na birika mkononi.

"Nilidhani umekufa," akasema, akapita.

Akamimina chai katika vikombe vyangu. Akafunua sufuria yangu ya jana, akanusa, akafunika. Akasema nimekonda, nyumba ina vumbi, na mapazia niliyokuja nayo ningeyaacha huko huko bara yakafunika ng'ombe. Akarudi kwake, na kabla sijamaliza kikombe akaja tena kuchukua chumvi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikipika, yupo. Nikisoma, yupo, ananiuliza nasoma nini, na nikimwambia haniachi nimalize sentensi. Mara mbili nilizungumza kwa simu nikaona ananijibia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanafunzi wangu wanajua, na kwa siku nane nilizimeza zote.

Siku ya tisa nilitoka kuoga nimejifunga leso moja, maji yananichuruzika, nikamkuta ameketi juu ya kigoda cha mamangu, ungo mapajani, anachagua mchele wangu. Mchele wenyewe ulikuwa wa pakiti, na juu ya pakiti imeandikwa kwamba umeshachaguliwa.

"Mtele wako una mawe," akasema.

"Hauna mawe, mama mdogo. Huo ni wa kiwandani."

Akaninyoshea kiganja. Kulikuwa na vijiwe viwili.

Ningecheka, mambo yakaishia hapo. Badala yake nilihisi kama mtu aliyekutwa uchi njiani, kwa sababu karibu ndivyo nilivyokuwa. Niliingia chumbani nikakaa kitandani mpaka niliposikia ameondoka. Alasiri nikamwomba fundi cherehani na mwenzake wapande juu, wakaniinulia kabati la vyombo kutoka sebuleni, tukaliegemeza kwenye ukuta wa jikoni, mbele ya kilango. Nilijiambia kwamba kabati halikuwa na mahali pengine. Ni kweli ukuta ule ulilitosha vizuri. Lakini nilipima kilango kabla ya kupima ukuta.

Sikumwambia kitu. Alfajiri iliyofuata nilisikia komeo la upande wake likifunguliwa. Langu sikuwa nimelifunga, kabati lilitosha. Kilango kikasukumwa, kikagota mgongo wa kabati, na vikombe vyote ndani vikalia.  Kisha komeo likafungwa, taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. Nikageuka upande wa pili nikalala tena.

Siku mbili sikumwona. Siku ya tatu, Ijumaa, baada ya alasiri, nikasikia hodi. Ilitoka chini kabisa, mwanzo wa ngazi, mara tatu, na kati ya moja na nyingine nafasi ya kuvuta pumzi. Nilitoka nikamwona mama mdogo anapanda, mkono ukutani, amevaa buibui jipya na viatu vya harusini, ananukia udi.

"Asalaam aleikum," akasema. "Sijui kama nimekuja wakati mbaya."

Nikamkaribisha sebuleni. Akakaa ukingoni mwa kiti, buibui hakulifungua. Akaniuliza hali yangu, hali ya kakangu, hali ya watu wa Nyeri ambao hawajui. Akatazama mapazia yale yale ya kufunika ng'ombe akasema, "Mashallah, nyumba imependeza." Alikunywa nusu kikombe, akaweka kikombe katikati ya kisahani, akaondoka. "Nisikuchoshe, mwanangu," akasema. "Una mambo yako."

Nilifurahi. Aibu yangu yote iko hapo, kwa hiyo sitaipunguza: nilifurahi. Nilidhani ameelewa. Nilidhani mtu mzima amemtambua mtu mzima mwenzake, na sasa tutaheshimiana. Jioni ile nilimwandikia mwalimu mwenzangu wa Nyeri kwamba watu wa pwani wana adabu ambayo bara hamtaipata, na nikamweleza habari ya buibui na udi kana kwamba nimetunukiwa nishani.

Akawa anakuja kila Ijumaa. Kabla ya kabati, chakula chake kilikuwa kikipitishwa kwenye kilango ndani ya sufuria nyeusi iliyopindana, na kijiko chake mwenyewe bado kimo ndani. Sasa kilikuja kwenye sinia, kimefunikwa kawa, na juu ya kawa kitambaa kilichotariziwa maua. Nami nikanunua vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, nikaviweka kwa ajili yake.

Ijumaa ya tatu nilijipa moyo nikamuuliza.

"Mama mdogo, mamangu alikufaje?"

Alitua kikombe. Hakunitazama, alikitazama kile kitambaa cha maua.

"Alikufa salama, alhamdulillahi. Kifo chema. Mungu amrehemu."

"Alisema lolote?"

"Alitamka shahada. Majirani wote walimsifu." Akashika tena kikombe. "Chai yako tamu, mwanangu. Umeitia nini?"

Niliitia iliki, kama kila mtu. Maneno aliyonipa yalikuwa yale yale niliyopewa na kila mtu matangani, mazuri, ya kumpa mtu yeyote. Nikajiambia labda ndiyo hayo tu, labda hakuna zaidi, na usiku nikakasirika na mamangu kwa kufa bila kuniachia hata neno.

Aliyenifungua macho ni wifi yangu, mke wa kakangu. Ni Mdigo wa Likoni, karani bandarini Kilindini, na tangu aolewe kwetu hajapata kunionea haya. Alipita Ijumaa moja akitoka kazini kabla ya kwenda zake kivukoni, akamkuta mama mdogo sebuleni na buibui lake. Akaamkia, akakaa, akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Alinitazama nikileta vikombe vya dhahabu. Alimtazama mama mdogo akiacha nusu ya chai. Mgeni alipoaga, wifi alimshika mkono akamshusha ngazi mpaka mlangoni, akarudi juu, akasimama mbele yangu bila kukaa.

"Wifi, umemfanya nini mama mdogo?"

"Nimemfanya nini? Nimempa chai."

"Amekuja na buibui."

"Kwani ulitaka aje uchi?"

"Nilitaka aje na leso. Na mdomo. Mwanamke amekaa saa nzima hajakutukana hata mara moja, wewe huoni kuwa kuna jambo?"

Nikamwambia hiyo ni heshima. Wifi alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeuweka mto Tana Uganda.

"Heshima hiyo hupewa wageni," akasema. "Mtu wa nyumba ya pili hapiti mlango wa mbele ila amefukuzwa wa nyuma. Ashuke ngazi zake na magoti yale, apite njiani, apande zako? Na sinia mkononi?" Akaenda jikoni kutia maji ya kunywa, na huko ndiko akaliona kabati. Sikusikia maji yakimiminwa. Nilisikia sauti yake, chini kuliko kawaida. "Wifi. Hili ni nini hapa?"

Nilimpa sababu zangu. Nilianza na ukuta kutosha, nikaja kwenye kuoga, nikaishia kwenye mchele. Kadiri nilivyozitoa ndivyo zilivyokuwa ndogo. Wifi aliketi juu ya kigoda cha mamangu, viatu vya kazini mkononi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Miezi minane alipita hapo," akasema. "Maji ya kumwogeshea mamako yalipita hapo. Uji ulipita hapo. Nguo zilizochafuka zilipita hapo zikarudi zimefuliwa. Mimi na kakako tulikuja Jumapili na matunda. Siku tatu za mwisho hakulala kwake kabisa. Wewe ukakiwekea kabati."

 Nimezaliwa uchochoro wa tatu, na desturi ya nyumba yetu nimesomeshwa na mwanamke wa ng'ambo ya kivuko. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia nakwenda sasa hivi kumwomba radhi, nikaanza kutafuta viatu.

"Utaenda kupiga hodi mlango wa mbele?" wifi akauliza. "Atakukalisha sebuleni, atakupa soda, atakwambia hapana neno mwanangu, na mtakuwa wageni mpaka mmoja wenu azikwe. Ondoa kabati. Fungua komeo lako. Ngoja."

Tuliliondoa sisi wawili, bila kutoa vyombo ndani, kwa sababu nilikuwa na haraka. Sahani mbili zilivunjika na kikombe kimoja cha dhahabu. Kilango kilikuwa na mstari wa vumbi pale mgongo wa kabati ulipokigusa. Nilikivuta kidogo kwa kidole. Upande wa pili komeo lilikuwa limefungwa.

Alfajiri ya kesho yake nilifungua komeo langu, nikalivuta kwa nguvu ili lisikike. Hakuna aliyejibu. Baada ya isha nikalifunga. Siku ya pili hivyo hivyo, siku ya tatu hivyo hivyo. Nilihamishia kiti changu cha kusomea jikoni. Kupitia mbao nilimsikia anakohoa, anasikiliza redio, anaongea na sufuria zake kama alivyokuwa akifanya zamani. Alikuwa mbali nami kama upana wa meza. Nilijua ananisikia, kwa sababu nikikohoa mimi, redio hupunguzwa sauti.

Ijumaa ikafika. Nikafuta vumbi sebuleni kwa mazoea, kisha nikaacha nusu. Alasiri ikapita, hakuna hodi. Magharibi ikapita. Sasa hakuja kwa mlango wa mbele wala kwa kilango. Hapo niliogopa kweli. Nilishuka ngazi zangu nikazihesabu, ishirini na mbili. Zake niliwahi kuzihesabu utotoni, nazo ni hivyo hivyo. Kila Ijumaa mwanamke yule alikuwa akishuka ishirini na mbili na kupanda ishirini na mbili, akirudi vile vile, ili asinivunjie heshima kwa kuniambia nimemvunjia yake. Na mtu pekee duniani aliyejua mamangu alikufaje nilikuwa nimemzibia njia ya kunijia.

Jumatatu, kwa kukosa la kufanya na mikono, nikaamua kupika mkate wa sinia. Ni mkate wa mchele uliosagwa, tui na hamira, ambao mamangu alikuwa akiupalilia makaa juu na chini. Nina jiko la gesi, lakini nilitaka wa mamangu, nikawasha jiko lake la makaa. Nilikumbuka kila kitu isipokuwa kiasi. Unga nilikuwa nimeuacha uumuke kwa saa mbili, nao uliumuka kwa kusitasita. Nikamimina, nikafunika, nikapanga makaa juu, nikapanga mengine chini, nikaketi na kitabu. Baada ya muda harufu ya iliki ikageuka harufu nyingine. Wifi yangu mpaka leo anasema niliunguza makusudi. Sikuunguza makusudi. Nilikuwa nasoma ukurasa ule ule kwa mara ya nne, wala sielewi kitu.

Nilisikia komeo. Halikuvutwa taratibu, lilivutwa kwa ghadhabu. Kilango kikafunguka, na mama mdogo akaingia ameinama, leso zake mbili, miguu mitupu, koleo la makaa tayari mkononi.

"Wauunguza," akasema. "Moto wa tini mwingi. Nani alokwambia utie moto wote huu tini?"

Akanisukuma kwa kiwiko. Akatoa makaa ya chini moja moja akayapandisha juu, akafunua, akachungulia, akafunika. Alinitukana kwa unga kutoumuka, kwa tui jepesi, kwa kuketi karibu na jiko nikanusa bila kunusa. Alisema mtu aliyesoma sana, puani hubaki mjinga. Nilisimama nikipokea, na sikumbuki kama nimewahi kufurahishwa hivyo na matusi. Alipomaliza akaketi juu ya kigoda cha mamangu, akapumua, akatazama mahali kabati lilipokuwa.

"Nisamehe, mama mdogo," nikasema. "Nilikuwa mjinga. Nilizoea kukaa peke yangu."

"Kwa mtele?" akauliza.

"Kwa mtele."

"Si kwa yale mengine?"

Nikamwambia sijui mengine yapi. Akaniangalia muda, macho yake yale yenye ukungu, akaona kwamba kweli sijui. Mabega yakamshuka.

"Niliposukuma kilango kikagota," akasema, "nikajua umeambiwa. Nikajua umekasirika nami. Nikasema ana haki yake." Akajifuta mikono kwenye leso, ingawa haikuwa na kitu. "Yale nilokwambia sebuleni yalikuwa maneno ya wageni. Ulinikalisha kama mgeni, nikakupa ya wageni."

Nilikaa sakafuni, karibu na magoti yake.

"Siku tatu za mwisho mamako hakunijua," akasema. "Alidhani mimi ni wewe. Aliniita kwa jina lako."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Niliitika. Mtu mzima mimi, kitwa cheupe, aliita nikaitika labeka. Akauliza, umefika lini? Nikamwambia, nimefika jana. Akauliza, umekula? Nikamwambia, nimekula. Akauliza, wenda tena? Nikamwambia, siendi tena, mama. Ndipo akatulia. Kila akiamka huuliza yayo kwa yayo, nami namjibu yayo kwa yayo. Siku ya tatu aliita mara moja tu. Nikaitika. Akanishika mkono, akatamka shahada, akaenda." Akaokota koleo, akaliweka tena. "Nilimdanganya mtu anayekufa. Na mahali pako nikakaa mimi. Sikuweza kukwambia hilo na kikombe cha dhahabu mkononi."

Nililia, na sikulia kwa adabu. Nililia kwa sababu mamangu aliniita na sikuwepo, na nililia kwa sababu aliitikiwa. Mpaka leo siwezi kutenganisha kilio cha kwanza na cha pili. Mama mdogo aliniacha nilie, mkono wake mmoja juu ya kichwa changu na mwingine unageuza kifuniko cha sinia ili kisishike. Mkate ulitoka mweusi chini, mbichi kidogo katikati. Tuliula wa pembeni. Alisema mamangu angeutupa.

Isha ilipopita kila mmoja alifunga komeo lake.

Alfajiri nilikuwa bado juu ya msala, nguo za sala sijavua, niliposikia la upande wake likifunguliwa. Kabla sijainuka akaniita. Aliniita kwa jina langu lote, kwa ule mvuto wa silabi ya mwisho ambao mamangu alikuwa nao na ambao sikuwa nimeusikia tangu afe, wala kabla ya hapo kwa muda mrefu. Miaka thelathini na sita niliitwa mwalimu. Nina miaka sitini na ushei, nina maumivu ya magoti kama yeye.

"Labeka," nikaitika, nikaenda mbio kumfungulia.